Mguu wa Kushoto Ndio Saa: hotuba kwa wakongwe na vijana wa bendi za ngoma, Mtwara

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu mliokaa mbele, walimu, wazazi na walezi, wakongwe wa ngoma mliotoka Lindi, Mikindani, Newala na Masasi, nanyi vijana mliosimama kule nyuma na ngoma zenu: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Itifaki imezingatiwa.

Wakongwe wa bendi ya gwaride wakikutana, hata kama wamepoteana miaka thelathini, haziishi dakika tano kabla mmoja hajaanza kugonga meza kwa vidole. Wa pili anadakia. Wa tatu hana la kusema, ila mguu wake wa kushoto umeshaanza kucheza chini ya kiti. Ukiwasikiliza vizuri, vikombe na vyeti hawavitaji sana. Wanakumbuka mkanda ulivyokuwa ukikata bega, ufunguo wa kukazia uliofungwa kwa uzi shingoni, harufu ya ngozi iliyotoka kuota jua, na ile nusu sekunde ya kimya baada ya mngurumo wa kuanzia, kabla tarumbeta hazijalia. Wanaikumbuka kwa mapenzi makubwa, na wakijaribu kumweleza mtu ambaye hakuwahi kuvaa ngoma, maneno yanawaishia.

Nimepewa kazi ya kuzungumzia kumbukumbu hizo. Nimeona heshima kubwa tunayoweza kuzipa ni kuzitoa pamoja na vipimo vyake, kwa sababu kijana akiambiwa tu kwamba zamani ilikuwa raha, hana cha kushika. Akiambiwa raha ile ilitokana na nini, hatua ilikuwa na urefu gani na ngoma ilikazwa vipi, anaweza kuipata mwenyewe kesho asubuhi.

Nianze na mguu. Hatua ya gwaride tuliyorithi kwa Waingereza kupitia King's African Rifles, jeshi lao la kikoloni la Afrika Mashariki, ni inchi 30, yaani sentimita 76, na mwendo wa haraka ni hatua 116 hadi 120 kwa dakika. Shikeni 120, hesabu yake inalala vizuri. Hatua 120 kwa dakika ni hatua mbili kila sekunde, na kwa kuwa tunaanza na kushoto, mguu wa kushoto unagusa ardhi mara moja kila sekunde. Besi, ile ngoma kubwa, inapigwa kushoto. Kwa hiyo mpiga besi anayejua kazi yake ni saa inayotembea: akishapiga "du" sitini, dakika imekwisha. Chukua simu yenye kuonyesha sekunde, hesabu "du" kwa nusu dakika. Zikiwa thelathini mko sawasawa. Zikifika thelathini na mbili mmeshaingia hatua 128 kwa dakika, na watoto wafupi wa mistari ya nyuma wanaanza kurukaruka, maana mguu mfupi hauwezi kutoa sentimita 76 kwa kasi hiyo.

Bendi huanza kukimbia palepale vigelegele vinapoanza. Moyo unaenda mbio, mikono inaufuata moyo, wapiga ngoma ndogo wanabana nafasi kati ya pigo na pigo bila kujijua, na mpiga besi anawafuata wao badala ya wao kumfuata yeye. Dawa yake ni mazoezi ya besi peke yake. Ngoma ndogo zote zinyamaze, besi iongoze safu nzima mzunguko mmoja wa mita 400. Kwa hatua ya sentimita 76 huo ni mwendo wa hatua 526, dakika nne na sekunde 23. Mkimaliza kabla ya dakika nne na robo, ama kuna aliyekimbia ama hatua zimerefuka. Rudieni. Mzunguko wa tatu au wa nne ndio utakaowaonyesha kitu ambacho wakongwe wote waliomo humu wanakijua: mwili unaacha kuhesabu, na watu arobaini wanakanyaga chini kwa sauti moja. Hapo ndipo penye utamu wenyewe, na hakuna njia ya mkato ya kufika.

Kuna jambo la sauti ambalo bendi nyingi zinalipata kwa kuumia. Kwa joto letu la pwani sauti husafiri kama mita 345 kwa sekunde. Mkiziweka ngoma mbele kabisa, na safu ikawa na urefu wa mita 35, mtu wa mwisho anaisikia besi sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya kupigwa. Hatua moja ni nusu sekunde, kwa hiyo yeye amechelewa sehemu moja ya tano ya hatua, hata akiwa na sikio la paka. Aliyekaa jukwaani ataona miguu ikianguka kama wimbi linaloingia ufukweni, kutoka mbele kwenda nyuma. Watoto watakaripiwa bure, na kosa ni la mpangaji. Ziwekeni ngoma katikati ya safu, ucheleweshaji utapungua nusu kwa kila upande. Na miezi hii ya kusi, upepo ukivuma kutoka nyuma yenu, walio nyuma ya ngoma ndio wanaosikia hafifu zaidi. Hao wafundishwe kushika mwendo kwa macho, kwa kutazama bega la aliye mbele yao, bila kuinamisha kichwa kutafuta miguu.

Sasa kona. Ukitaka kujua kama bendi imefundishwa, usiitazame ikienda moja kwa moja, itazame inapokata kona. Tuseme mstari una watu wanne, kila mmoja mita moja kutoka kwa mwenzake, na mnageuka kushoto robo duara. Mtu wa ndani hatembei, anapiga mguu papo hapo huku akigeuka kidogo kidogo. Mtu wa nje kabisa yuko mita tatu kutoka kwake, na njia yake ni mita 4.7, hatua sita. Kwa hatua hizohizo sita, wa pili kutoka ndani anakwenda mita 1.57 tu, kwa hiyo hatua yake ni sentimita 26. Wa tatu ni sentimita 52. Wa nne ni 78, karibu hatua yake ya kawaida. Wanne hao wote wanakanyaga kwa wakati mmoja, kila mtu na urefu wake. Kinachoharibika mara nyingi ni huyu wa pili: anaona aibu kupiga hatua fupi, anatoa sentimita 40, anampita wa ndani, na mstari unapinda kama upinde. Chora robo duara tatu mchangani kwa kamba na kijiti, uweke kokoto sita kwenye kila mchoro, uwapitishe watoto mstari mmoja mmoja. Nusu saa inatosha kwa siku. Baada ya wiki utaona mstari unazunguka kama mlango kwenye bawaba.

Tuje kwenye ngoma yenyewe. Ngoma ndogo ya gwaride, ile yenye nyaya chini, mara nyingi ina kipenyo cha inchi 14. Juu ina ngozi nene inayopigwa, chini ngozi nyembamba, na nyaya zimelala juu ya ile nyembamba. Pete mbili zinazibana ngozi, na skrubu zinazivuta pete. Kosa la kwanza la mgeni ni kukaza skrubu kwa kuzunguka, moja baada ya jirani yake. Pete inalala upande, ngozi inavutwa upande mmoja, na ngoma inatoa sauti mbili zinazogombana. Kaza kwa msalaba: ukishakaza skrubu moja nusu mzunguko, nenda ya upande wa pili unaotazamana nayo, nusu mzunguko, kisha ile ya pembeni na mwenzake. Ukimaliza, gonga kwa kidole karibu na kila skrubu, kama sentimita tatu kutoka kwenye pete. Sauti zinatakiwa zifanane pote. Penye sauti nzito kaza kidogo, penye sauti nyembamba legeza.

Nyaya zipime kwa pigo dogo kabisa. Acha fimbo ianguke yenyewe kutoka kimo cha vidole viwili juu ya ngozi. Ukisikia "chaa" nyembamba, nyaya zimekaa. Ukisikia "tok" kavu, umezibana mno na zimeinyima ngozi ya chini nafasi ya kutetemeka. Na gwaride likisimama kwa hotuba, kila mpiga ngoma ndogo aachie nyaya kwa kile kipini cha pembeni, la sivyo zitanguruma zenyewe kila kipaza sauti kikilia. Wakongwe mnakijua kile kitendo cha kidole gumba, kikifanywa na watu wanane kwa mpigo mmoja.

Ngozi ya mnyama na hii bahari yetu ni habari nyingine. Wanaowamba dufu za maulidi Mikindani na Lindi, na wenye ngoma za Kimakonde, walilijua hili kabla bendi hazijafika: ngozi inakunywa unyevu. Alfajiri hewa ya baharini inailegeza, ikifika saa nne jua linaivuta. Kijana asiyejua anaikaza alfajiri mpaka ilie vizuri, na saa tano ngoma inapasuka mbele ya wageni. Ile methali ya ngoma ivumayo sana kutokawia kupasuka, kwa mtunza ngoma ni maelekezo ya kazi. Alfajiri kaza hadi robo tatu tu ya unavyotaka, iote jua la asubuhi dakika ishirini, kisha malizia. Gwaride likiisha, legeza kila skrubu nusu mzunguko kabla ya kuiweka ndani. Ngozi ya plastiki haijali unyevu, ndiyo maana imeenea, ila chumvi haimwachii mtu: nyaya na skrubu zinashika kutu. Kila baada ya mazoezi futa vyuma vyote kwa kitambaa kikavu, na mara moja kwa mwezi tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye uzi wa kila skrubu. Tone moja. Mafuta yakimwagikia nyaya yanakusanya vumbi, na ile "chaa" inapotea.

Fimbo ziwe jozi kweli. Zibingirishe juu ya kioo au meza iliyo sawa: iliyopinda utaiona ikichezacheza. Kisha zigonge moja moja kwenye jiwe na usikilize: zikitoa sauti mbili tofauti, uzito wake haulingani, na mkono mmoja utachoka kabla ya mwingine. Najua kusini ndiko kwenye mpingo, mti unaotengenezwa klarineti na zumari za watu wa mbali, na wapo wanaotamani kuuchongea fimbo. Usichonge. Mpingo unazama majini kwa uzito wake, utaumiza kifundo cha mkono na kuitoboa ngozi. Tafuta mti mwepesi wenye nyuzi ndefu zilizonyooka, urefu wa sentimita 41 hadi 43.

Kwa mazoezi ya nyumbani hakuna haja ya ngoma. Kipande cha ubao cha sentimita 30 kila upande, juu yake soli ya kandambili kuukuu iliyogundishwa, kinatosha, na majirani watalala. Anza na mapigo ya mojamoja, kulia na kushoto, taratibu, mpaka masikio yashindwe kutofautisha mikono. Halafu mawili mawili. Halafu ule mpangilio unaoitwa paradido: kulia, kushoto, kulia kulia, kushoto, kulia, kushoto kushoto. Uzuri wake ni kwamba kila duru inahamia mkono mwingine bila wewe kuilazimisha. Ukiwa na haya matatu, mngurumo utakuja wenyewe.

Mazoezi haya yana historia iliyoandikwa. Mwaka 1933, katika mkutano wa chama cha wapiganaji wa zamani cha American Legion huko Chicago, wapiga ngoma wa Marekani walikaa wakakubaliana juu ya mapigo ya msingi, wakaunda chama chao na orodha ya mapigo 13 ya lazima, baadaye ikawa 26. Mwaka 1984 orodha ikapanuliwa na kufika 40. Bendi zao za ngoma na buruji, aina ya tarumbeta, zilikuwa zimezaliwa mikononi mwa wapiganaji hao waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, na vijana wa mitaa ndio waliojaza safu. Mwaka 1972 walifanya mashindano yao ya kwanza makubwa ya taifa chini ya chama kipya cha Drum Corps International, mjini Whitewater, jimbo la Wisconsin, na Anaheim Kingsmen wakashinda. Hatua yao uwanjani ni fupi kuliko yetu: hatua nane kwa yadi tano, yaani sentimita 57 kila moja, ili waweze kuchora maumbo na kuyabadilisha kwa hesabu.

Nayataja hayo kwa sababu moja. Katika mashindano hayo ya vijana, mwisho wa kushiriki ni umri wa miaka 21. Kila mmoja anajua tangu mwanzo siku atakayovua ngoma kwa mara ya mwisho. Ndiyo maana wakongwe wa kule, watu wenye mvi, wameunda bendi zao wenyewe za kurudia nyimbo za ujanani. Na jambo ambalo wapiga ngoma wa nchi yoyote hulikuta wakirudi ni lilelile: mikono inakumbuka kwanza. Pigo la msingi linarudi ndani ya siku chache. Magoti na mapafu yanafuata kwa mbali. Kwa hiyo wakongwe mnaotaka kurudi uwanjani, pigeni mkiwa mmekaa wiki mbili nzima, kisha tembeeni bila ngoma, ndipo mvae.

Nasi pwani hatukusubiri kufundishwa kuipenda safu. Babu zetu waliichukua bendi ya kijeshi wakaifanya beni, ngoma ya mji mzima yenye vyeo, sare, bakora na ushindani wa makundi mawili, Marini na Arinoti. Askari na wapagazi waliotoka kwenye vita ile ya 1914 hadi 1918, iliyopita hapahapa kusini na kupiganwa vikali Mahiwa mwaka 1917, waliisambaza bara. Wayao waliipeleka hadi Malawi, na pwani ya Ziwa Nyasa ngoma ya mganda mpaka leo inachezwa kwa mistari iliyonyooka kama rula. Mtoto wa Mtwara akivaa ngoma ya gwaride, amevaa kitu cha kwao.

Matoazi kwa kifupi: yakikutana bapa kwa bapa, hewa inanaswa katikati, yanafyonzana, sauti inakufa. Ukingo wa chini utangulie kidogo sana. Kagua fundo la mkanda kila siku, toazi likichomoka linaweza kumkata mtu. Buruji haina vali, vile vibonyezo vya tarumbeta, na sauti zake za kazi ni tano tu, zote zinatoka mdomoni. Mpigaji akipiga akiwa na midomo mikavu atatoa hewa tupu, kwa hiyo chupa ya maji iwe naye.

Na mwili. Mkanda wa ngoma uwekewe chini yake kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa mara nne, bega litanusurika. Watoto wanaodondoka gwaridani wakiwa wamesimama wima, wengi wao wamekaza magoti: damu inakaa miguuni, haipandi kichwani. Waambiwe walegeze magoti kidogo na wachezeshe vidole ndani ya viatu, hakuna atakayeona. Wawe wamekunywa uji au chai na mihogo kabla ya kutoka. Mwalimu anayesimamisha watoto saa mbili juani na matumbo matupu anafanya kosa kubwa, na nalisema hili mbele ya wazazi wao ili lisikike.

Sasa ile nusu sekunde niliyoitaja mwanzo. Mngurumo wa kuanzia una sehemu mbili. Ya kwanza inaanza na mguu wa kushoto, inachukua hatua tatu, ya nne ni kimya. Ya pili hivyohivyo: ya tano, ya sita, ya saba, na ya nane kimya. Jumla hatua nane, sekunde nne. Hatua ya tisa ni kushoto, na hapo ndipo tarumbeta na besi zinapoingia pamoja. Mngurumo ukianzia kulia, kila kitu kitakachofuata kitakuwa kichwa chini miguu juu, na hakuna wa kuuokoa wimbo. Simamisheni, muanze upya. Ile hatua ya nane ndiyo wakongwe wanayoiota. Hakuna anayepiga, miguu tu inasikika, na kila mtu anajua mwenzake atafanya nini.

Jioni hii tutaipata. Saa kumi kamili tutapanga mistari ya watu wanne, vijana mbele na nyuma, ngoma katikati, wakongwe wakiwa kwenye ngoma. Zile mbili za ngozi zimekaa kivulini pale chini ya mkorosho, zimelegezwa nusu mzunguko kila skrubu. Zikazwe saa tisa na nusu, kwa msalaba. Ufunguo anao mpiga besi.